Nundu Haikatwi

Hadithi yangu ina miguu. Isipopokelewa, itapita mlangoni kwenu iende kwa jirani. Mnaipokea? Mmeipokea. Basi sogeeni, na mwenye kutafuna karanga atafune polepole, nisije nikashindana naye.

Hapo zamani, wala si zamani ile ya wanyama kusema, ni zamani ya juzijuzi tu, redio ikiwa moja kijiji kizima na mwenyewe akiizima kila akikasirika, palikuwa na shule ya bweni juu milimani, kule ambako ukungu hulala mpaka saa nne. Jina la shule nalificha. Walimu wake wengine bado wako hai, na mikono yao naikumbuka.

Katika shule hiyo alikuwapo binti mmoja akiitwa Theofrida, na Theofrida alikuwa akikimbia. Sisemi alikimbia kama mimi na wewe tunavyoikimbia mvua. Alipopita, kuku walimpisha, kisha wakabaki wamesimama wakijaribu kukumbuka walikuwa wanakwenda wapi. Kila mashindano ya mbio ndefu alirudi na mbuzi, maana zawadi za siku hizo zilikuwa na kwato. Wanafunzi wakala nyama, wakamtungia wimbo, wakawa wanauimba paredi kila asubuhi:

"Theo mbele, vumbi nyuma! Theo mbele, vumbi nyuma!"

Mwalimu wa michezo aliitwa Fabiano, kila mtu akimwita Kocha. Kocha Fabiano alimpenda binti yule kama mboni ya jicho lake. Na kwa kuwa mkuu wa shule alikuwa shemeji yake, alichokisema Kocha asubuhi kilikuwa sheria ifikapo saa sita.

Zamu ya kufagia ikifika, Kocha husema, "Mwacheni mtoto. Huyu Mungu amempa miguu. Mengine tutamfanyia sisi."

Zamu ya kuchota maji ikifika, "Mwacheni mtoto. Huyu Mungu amempa miguu. Mengine tutamfanyia sisi."

Hata kufua soksi! Walimfulia wenzake, na walimfulia kwa moyo mweupe, maana mbuzi wale waliwala wote.

Ikaja mitihani. Theofrida alikuwa safarini, amekwenda kukimbia. Walimu wakauliza, huyu tumpe alama gani? Kocha akajibu bila kupepesa, "Mpeni kwa saa yangu hii ya kupimia mbio. Amekimbia vizuri, apate vizuri." Mwalimu wa Jiografia akaguna kidogo. Kocha akamwambia, "Ndugu yangu, mtoto ameimaliza wilaya nzima kwa miguu yake, tena peku. Jiografia gani tena mnamdai?" Basi Theofrida akapata themanini ya Jiografia, na hakujua mto mmoja unakotokea.

Mnacheka. Nami nilicheka niliposimuliwa. Ila sikilizeni, hapa ndipo penye mwiba. Hakuna hata mmoja katika shule ile aliyemtakia mabaya mtoto yule. Wote walimpenda, na wote pamoja walikuwa wanamlea awe miguu mitupu.

Isipokuwa watu watatu. Hao watatu ndio hadithi yenyewe.

Wa kwanza alikuwa mwalimu wa hesabu, Mwalimu Melkiori. Mtu mrefu, mkavu, chaki mfukoni hata siku ya harusi yake. Yeye aliamka mapema kuliko jogoo, ndiyo sababu akapewa kushika funguo za geti. Asubuhi moja Theofrida akafika getini, anakwenda mazoezini.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Geti hili linafunguka kwa hesabu. Njia ya mlimani kwenda na kurudi ni kilomita nane. Hatua yako nimeipima jana kwenye matope, ni mita moja na robo. Utapiga hatua ngapi? Utanijibu ukirudi. Huna jibu, hupiti kwenda kwenye uji."

Kocha akasikia, akaja mbio. "Mwalimu Melkiori! Mtoto anakwenda kukimbia, wewe unamtwisha mzigo?"

"Mzigo wa kichwani haupunguzi mwendo," akajibu Mwalimu, akafungua geti.

Theofrida akaondoka. Na unajua alifanyaje? Alizihesabu! Hatua moja, hatua mbili, hatua tatu, mlima mzima. Akarudi anahema. "Mwalimu, nilifika elfu moja na mia mbili, ng'ombe wakapita, wakanivuruga." Uji hakuunywa. Kesho yake akahesabu tena, akafika elfu tatu, akapiga chafya. Uji hakuunywa. Siku ya tatu akiwa kileleni, njaa inamuuma, akasimama akajiambia, hivi kwani lazima niihesabu kila hatua? Si niigawanye tu njia kwa hatua? Akarudi anakimbia huku anacheka peke yake. "Elfu sita na mia nne, Mwalimu!"

Mwalimu Melkiori hakutabasamu, maana hakuwa na mazoea hayo. Alisema tu, "Uji umebaki. Kesho ni hesabu za sehemu."

Ikawa hivyo kila asubuhi kwa miaka miwili. Hesabu moja, geti moja, bakuli moja la uji.

Wa pili alikuwa Fundi Margwe, fundi viatu wa sokoni. Theofrida alikuwa anamaliza raba kama wengine wanavyomaliza sabuni. Alipozipeleka mara ya kwanza, alizitupa juu ya meza akasema, "Fundi, Kocha amesema unishonee." Fundi Margwe, mzee mnene mwenye kikohozi, hakuinua kichwa.

"Mguu wa nani?"

"Wangu, Babu."

"Kiatu cha nani?"

"Changu, Babu."

"Basi na sindano ni yako. Kaa hapo, tunga uzi."

Theofrida hakuwahi kutunga uzi. Alitunga mpaka ulimi ukamtoka nje. Kidole kikatoboka, akalia. Fundi akampa nta aupake uzi, akamwambia aache kulia, anailowesha ngozi. Toka siku hiyo, kila Jumamosi mwenye mbio zake alikaa kigodani sokoni akikata soli, akipiga gundi, akishona. Mwisho akawa anaweza kukitazama kiatu kikuukuu cha mtu asiyemjua akasema, "Huyu anakanyagia kisigino cha nje, na mguu wa kushoto anauonea." Fundi Margwe akikohoa kwa furaha.

Kocha hakujua. Angejua, angekipiga teke kile kigoda.

Wa tatu alikuwa Emiliana, naye hakuwa mwalimu wala fundi. Alikuwa mkimbiaji wa shule ya bonde la pili. Kila Theofrida alipokuwa wa kwanza, Emiliana alikuwa wa pili. Mbuzi akienda kwa Theofrida, Emiliana hupewa daftari. Alikuwa na madaftari mengi sana.

Sasa shikeni roho zenu.

Mwaka wa tatu, mbio za mkoa zikapigwa kule kule milimani. Watu walijaa mpaka juu ya mikaratusi. "Theo mbele, vumbi nyuma!" Na kweli alikuwa mbele, vumbi lilikuwa nyuma, na ndani ya vumbi alikuwamo Emiliana. Kwenye kona ya kijito, fuko alikuwa amechimba shimo lake, na nyasi zimelifunika. Mguu wa Theofrida ukaingia. Goti likasema ka!

Emiliana akapita. Akashinda. Kwa mara ya kwanza maishani akapewa mbuzi.

Kocha Fabiano hakumtazama mshindi. Alitupa saa yake majanini, akambeba Theofrida mgongoni, akatembea naye toka adhuhuri mpaka alasiri kufika hospitali, hakumkubalia mtu ampokee. Daktari akalipapasa goti, akasema, "Atatembea. Kukimbia, hapana." Kocha akatoka nje akalia kwa sauti, mtu mzima, mbele za watu.

Shuleni wimbo ukakoma, na ulikoma ndani ya siku moja tu. Jumatatu waliimba, Jumanne wakanyamaza. Mtihani uliofuata Theofrida alifanya kwa kalamu kama wenzake, ameketi, goti limefungwa mbao. Jiografia akapata kumi na moja, na nadhani tatu kati ya hizo alipewa kwa kuandika jina lake vizuri. Hesabu akapata sabini na nne. Walimu wakadhani ameibia. Mwalimu Melkiori akawaambia, "Ameibia kwa nani? Hakuna mwingine aliyepata sabini."

Ila sabini na nne haimwinui mtu kitandani. Theofrida alirudi kwa mama yake, akalala, akaugeukia ukuta. Mama yake akampikia, akambembeleza, akamwombea. Theofrida alisema neno moja tu: "Mungu alinipa miguu, Mama. Ameichukua." Chakula kikawa kinarudi kama kilivyokwenda. Mama yule aliogopa, maana aliona mtoto wake anaondoka na mwili ungali pale.

Siku ya arobaini na moja akaingia mgeni bila hodi. Emiliana, na yule mbuzi wake kwa kamba.

"Amka. Nimekuja kudai marudio."

"Marudio gani? Huoni nilivyo?"

"Naona. Aliyeshinda kwa shimo hajashinda. Toka hapa kitandani mpaka zizini, wewe na magongo yako, mimi kwa mguu mmoja, haki kwa haki. Ukishinda, mbuzi wako. Usipoamka, nitawaambia watu wote wa mkoa kwamba Theofrida ananiogopa."

Kuogopa? Yeye amwogope Emiliana wa madaftari? Alikaa kitandani kwa hasira. Akayashika magongo kwa hasira. Mmoja akaenda kwa magongo, mwingine akirukaruka kwa mguu mmoja, kuku wakawapisha, na hatua mbili kabla ya zizi Emiliana akateleza akaketi ndani ya mavi ya ng'ombe, mabichi, ya asubuhi ile ile. Theofrida akacheka. Alicheka mpaka mama yake akatoka jikoni na mwiko, akaona, akaenda nyuma ya nyumba kulia kwa furaha.

"Kesho tena," Emiliana akasema, anajipangusa.

Akaja kesho. Akaja kesho kutwa. Alipanda mlima toka bondeni kwao kila siku kwa siku sitini, mpaka magongo yakabaki kuwa ya kutundikia nguo.

Siku ya kwanza aliyotembea bila magongo, Theofrida alikwenda sokoni. Kigoda chake kilikuwa pale pale, hakuna aliyekikalia. Fundi Margwe akasema, "Umechelewa. Tunga uzi."

Nisiwachoshe. Alimaliza shule, na Jiografia aliisoma upya kwa machungu, mto kwa mto. Baadaye akafungua banda lake la viatu vya kukimbilia. Mkimbiaji akija, humkimbiza kwanza kwenye matope, akazipima hatua, akapiga hesabu zake ukutani kwa chaki, akakata soli kulingana na kisigino cha huyo huyo mtu mmoja. Ukivaa kiatu cha Theofrida, walisema, njia inapungua. Mwaka mmoja, katika mbio zile zile za mkoa, watano wa kwanza wote walikuwa wamevaa viatu vyake. Wakamletea fahali mweusi mwenye nundu ya kutisha, wakamwambia, "Dada, uliyeanguka umesimama. Chinja."

Maana kule milimani wana desturi. Aliyeanguka akasimama huchinja ng'ombe. Kidari ni cha mama, hilo halina mjadala, yeye ndiye aliyekuzaa. Ulimi ni wa mjomba. Mapaja ni ya majirani. Lakini nundu haikatwi! Nundu huchomwa nzima, hulazwa nzima kwenye chano cha mti, na aliyesimama huibeba kwa mikono yake ampelekee mtu mmoja tu, yule aliyemsimamisha. Toka saa hiyo mtu huyo ni mzazi wake wa pili, ataitwa hivyo mpaka kaburini. Kabla nundu haijatolewa, hakuna anayenawa mikono. Nayo ikipoa chanoni, wanasema, aliyesimama ataanguka tena.

Wengine waliicheka desturi hiyo. Theofrida hakuicheka. Goti lake lilikuwa bado linalia siku za baridi.

Basi watu wakajaa uwanjani kwa mama yake. Nundu ikaiva, mafuta yanachuruzika, harufu imewatoa hata wagonjwa ndani. Theofrida akasimama na chano. Mjomba wake, mwenye ulimi wake, akauliza kwa sauti, "Nani alimsimamisha binti huyu? Mwenye neno aseme, na aseme haraka, inapoa!"

Mwalimu Melkiori akasimama, chaki mfukoni. "Ni mimi. Wote walimpa alama za bure, mimi nilimnyima uji. Anapima kwa nini? Kwa hesabu. Hesabu alifundishwa na nani? Mimi, getini, kwenye baridi. Kama si mimi, leo angekuwa anakata soli kwa kubahatisha, na nyie mngekuwa mnachechemea."

Watu wakasema, "Kweli kabisa."

Fundi Margwe akainuliwa na watu wawili, maana miguu ilikuwa imemchoka. "Ni mimi. Hesabu haivaliwi. Hesabu haipigwi gundi. Nani alimfundisha kushika sindano? Nani alikilinda kigoda chake alipokuwa anautazama ukuta? Kama si mimi, angekuwa na hesabu nyingi na mikono ya kukunjia kifuani."

Watu wakasema, "Kweli kabisa."

Kocha Fabiano akasimama, nywele zimekuwa nyeupe. "Mimi sina maneno mengi. Nilimpenda kabla hajashinda hata kifaranga. Mgongo huu ndio uliombeba. Kama si mimi, nani angemjua Theofrida? Wakimbiaji wanakuja kwake kwa sababu alikuwa mkimbiaji. Nani alimfanya mkimbiaji?"

Watu wakasema, "Hata hiyo ni kweli."

Emiliana alikuwa amekaa nyuma kabisa, na mwanawe mapajani. Hakusimama. Mama Theofrida akamwita, "Na wewe, mwanangu, mbona husemi? Hesabu alikuwa nazo kitandani. Mikono alikuwa nayo kitandani. Jina alikuwa nalo kitandani. Na alikuwa anakufa. Nani alimwamsha?"

Uwanja mzima ukalipuka. "Emiliana! Mpe Emiliana!" Theofrida akageuka na chano, uso umemng'aa, maana moyoni mwake alikuwa amekwisha kuamua. Akapiga hatua ya kwanza.

"Simama," akasema Emiliana. "Usinipe."

Akamweka mtoto chini.

"Asubuhi ya siku ile niliikagua njia peke yangu. Kwenye kona ya kijito nililiona shimo la fuko. Nikaziondoa nyasi nilione vizuri, kisha nikazirudisha nyasi. Nikajua mimi nitapita nje ya kona. Nikajua wewe hupita ndani. Nikanyamaza."



Theofrida alisikia uchungu kuliko siku ile ya goti, maana siku ile hakukuwa na mtu wa kumlaumu. Chano kikainama, mafuta yakamwagika. "Miaka yote hii, Emiliana. Kwa nini unasema leo? Ungenyamaza ungekula."

"Ndiyo sababu. Ningeila, ingenikaba. Nilikuja na mbuzi yule kwa aibu. Siku ya kwanza nilikuja kwa aibu, na ya pili. Kuanzia siku ya tatu au ya nne, sikumbuki vizuri, nilikuwa nakuja kwa sababu nilikukumbuka. Sasa mmejua. Mimi naondoka."

"Hakuna anayeondoka nundu ikiwa chanoni," mjomba akasema. "Kaa chini."

Akakaa. Kisha, kama mnavyojua, aibu ni kama miayo, haimalizikii kwa mtu mmoja. Fundi Margwe akakohoa. "Ikiwa ni siku ya kusema kweli, basi mimi sikumfundisha kwa ajili yake. Macho yangu yalikuwa yanakwenda. Uzi ulikuwa haupiti tundu la sindano, na niliona haya kumwambia mtu. Nikaona mtoto ana macho mazuri. Nikamtumia."

Mwalimu Melkiori akakitoa mfukoni kipande chake cha chaki. "Mimi nilitaka kumshinda Kocha. Shule nzima ilikuwa ya mbio, hesabu hazikuwa na heshima. Nikasema nitamchukua huyo huyo wa kwake nimwoneshe. Na alipokuwa kitandani, sikwenda kumwona. Nilifikiri hesabu zinatosha."

Macho yote yakamwendea Kocha Fabiano.

"Mimi," akasema Kocha, "sina la kuungama. Nilimpenda. Sikuwa na sababu nyingine."

"Hilo tunajua," akasema Mama Theofrida, mwiko mkononi. "Ulimpenda mpaka nikaletewa msichana wa miaka kumi na saba asiyejua ufagio unashikwa upande gani."

Watu wakacheka, Kocha akacheka pia, huku machozi yanamtoka. Na kicheko kile kikaisha haraka, maana mvuke juu ya nundu ulikuwa umebaki uzi mmoja mwembamba.

Haya! Mwenye kumpa akili alimpa kwa kiburi. Mwenye kumpa mikono alimpa kwa shida zake mwenyewe. Mwenye kumpa moyo ndiye aliyenyamaza penye shimo. Na aliyempenda bila sababu, mapenzi yake nusura yamwache mikono mitupu. Nundu moja, watu wanne, na haikatwi.

Naona mzee wa pale nyuma anatabasamu, anasema, "Na fuko je? Kama si shimo lake, binti angeshona viatu?" Mzee, fuko hana meno ya nundu. Mtafutie mzizi.

Na wewe dada mwenye karanga, nimekusikia unamnong'oneza mwenzio, "Angeila mwenyewe tu." Hilo nalo lilijaribiwa na mtu mmoja zamani, akaugua tumbo mwezi mzima. Hapana. Desturi inataka mtu mwingine.

Theofrida aliinua chano juu. Wazee kwa watoto wakaanza kuimba polepole ule wimbo uliokufa siku moja, "Theo mbele, vumbi nyuma," safari hii kwa mwendo wa mtu anayechechemea. Akawatazama wanne wale mmoja mmoja. Akapiga hatua, goti likalia ka, na kila mmoja kati ya wale wanne akainua mikono, nusu kuipokea, nusu kuikataa.

Mimi siku ile nilikuwa mdogo, nilikuwa nyuma ya mtu mnene, na sikuona aliishia kwa nani. Nimewauliza waliokuwapo. Kila mmoja ananipa jina tofauti, na kila mmoja anaapa.

Kwa hiyo nimewaletea nyinyi. Chakula cha mwenyeji wetu kimeiva, nasikia harufu mpaka hapa, wali na maharage ya nazi. Lakini leo hapa hakuna atakayenawa mikono kabla hajanijibu.

Je, nani alistahili nundu?